Raundi ya Mia

SEHEMU YA KWANZA

Mwenye shamba alikubali yote isipokuwa moja. Magari yazunguke, vumbi litimke, watu waje kutoka Kiwira, Ushirika na Tukuyu mjini, wakanyage nyasi wanavyotaka. Bwawa lake la perege lisiguswe.

"Njia yenu ikifika kwa samaki wangu," aliwaambia vijana wa gereji, "ikunjeni. Bwawa halihami."

Wakaikunja. Upande wa mashariki, unaotazama mashamba ya chai ya Katumba, kona ilichongwa pana, dereva mwenye moyo anaipita bila kuachia mafuta. Upande wa magharibi, penye bwawa, walilazimika kuibana mpaka ikawa kona ya kuvunja shingo, na nje yake, hatua chache kutoka kwenye ukingo, ni maji. Kutoka juu ya kilima njia nzima ilionekana yai tupu, ncha yake nyembamba imeelekea bwawani. Mita mia nane kwa raundi moja. Mbio zilikuwa za raundi mia.

Fundi mzee wa gereji alifika na fimbo yake, akaizunguka njia ile kwa miguu, akarudi akitikisa kichwa.

"Hamjui mlichokijenga," alisema. "Mmejenga Darlington."

Hakuwa anatia chumvi. Darlington ni mji mdogo wa South Carolina, Marekani, na mwaka 1950 Harold Brasington alifungua hapo uwanja wa mbio za magari ya kawaida, yaleyale yaliyokuwa yakiuzwa madukani. Ardhi ilikuwa shamba la pamba na karanga. Aliyemuuzia, Sherman Ramsey, alikuwa na bwawa la samaki, na sharti lake lilikuwa hilohilo: bwawa libaki. Brasington akaubana uwanja upande mmoja, na hadi leo kona za upande huu wa Darlington hazifanani na za upande ule. Ukiliandaa gari kwa kona pana, kona finyu italisumbua. Ukiliandaa kwa finyu, pana itakunyima mwendo. Madereva wengi humaliza mbio zile wakiwa na mchubuko mrefu ubavuni mwa gari, upande wa kulia, walioupata ukutani.

Katumba hapakuwa na ukuta. Palikuwa na perege.

Fundi alikuwa ametumia ujana wake kwenye gereji ya Dar es Salaam, enzi ambazo Safari ya Afrika Mashariki ilikuwa ikikata nchi tatu, na kwa miaka mingi alidharau mbio za kuzunguka. Alipenda kueleza jinsi Safari ilivyozaliwa. Kenya kulikuwa na njia ya mashindano ya Langa Langa, na Neil Vincent alikataa katakata kushindana pale. Kurudi palepale kila baada ya dakika chache kulimchosha roho. Alimwambia ndugu yake, Eric Cecil, kwamba yeye anataka mbio za kuingia garini, kufunga mlango na kuivuka Afrika. Mwaka 1953, Malkia Elizabeth alipotawazwa, Cecil na wenzake wakaziandaa mbio hizo, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Fundi aliyakariri matokeo yake bila kuangalia popote. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1966 na 1967 walishinda Bert Shankland na Chris Rothwell, wakazi wa Tanzania, kwa Peugeot 404. Grili ya gari la aina hiyo ilikuwa imening'inia juu ya mlango wa gereji yake Tukuyu, na kijana aliyethubutu kutundikia ovaroli juu yake alitimuliwa siku hiyohiyo.

"Lakini uzee umenifundisha," aliwaambia vijana. "Kwenye Safari, kona mbaya ukishaipita mmeagana. Hapa inakungoja. Ardhi uliyoichimba kwa tairi zako raundi ya kwanza, utaikuta raundi ya hamsini, nayo itakudai."

Kisha akataja jambo ambalo vijana hawakuwa wamelifikiria. Nani atahesabu?

"Safari gari linafika mbele za watu, kila mwenye macho analiona. Huku aliye mbele na aliye nyuma wanapita pamoja. Aliyezidiwa raundi nzima anaweza kuonekana anaongoza. Mwenye daftari ndiye mwenye mbio. Mniletee Karani."

Karani alikuwa binti wa mizani kwenye banda la kupokelea chai. Jina lake la ubatizo lilikuwepo, ila kijiji kizima kilimwita kwa kazi yake, na sisi tumwite hivyo. Siku za kuchuma, kina mama hushuka na majani mabichi migongoni, naye hutundika, husoma, huandika. Kilo moja ikipungua kwenye daftari, hiyo ni ada ya mtoto wa mtu. Ikizidi, kuna mwingine aliyeibiwa. Watu waliokuwa wakigombana na kila mtu, hadi mchungaji, hawakuwahi kugombana na daftari la Karani.

Alikubali. Alikuwa na sababu ya kusita, kwa kuwa kaka yake ni mmoja wa madereva. Alikuwa na Toyota Corolla ya zamani, iliyokaa mwaka mzima chini ya migomba bila giaboksi, na ghafla, wiki tatu kabla ya mbio, giaboksi ikapatikana na tairi mpya juu yake. Karani aliuliza fedha zimetoka wapi. Kaka akajibu, "Mungu si Athumani," akaingia tena chini ya gari.

Jioni ya kuamkia mbio alirudi nyumbani akakuta koti la kaka yake limeanikwa kambani, linachuruza maji. Kaka hakuwa na tabia ya kufua. Ndani, chini ya kopo la chumvi, palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, kavu, ina madoa ya grisi. Karatasi zote za kaka hukaa kwenye koti lile. Karani hakujiuliza ni nani aliyeitoa kabla koti halijaingia majini. Aliifungua.

Yaliandikwa kwa peni ya bluu. Kaka amepokea shilingi milioni tatu za giaboksi na tairi kutoka kwa dereva wa Subaru wa Mbeya mjini. Corolla ikiishinda Subaru, deni limekwisha. Corolla ikishindwa, shamba la chai la ekari moja na nusu aliloacha marehemu baba litakuwa mali ya mkopeshaji.

Lile shamba ndilo lililomsomesha. Ndilo mama analochuma.

Chini palikuwa na saini ya kaka, na ya mwenye Subaru. Kisha mstari wa shahidi. Karani aliisogeza karatasi kwenye mwanga wa taa akaisoma saini ile mara mbili, maana mwandiko aliujua, aliuona kila mwezi kwenye risiti.

Ulikuwa wa Fundi.

SEHEMU YA PILI

"Mugonile, babu."

Fundi aliitikia bila kuinua kichwa. Ilikuwa Jumapili alfajiri, nyasi zimelowa, Mlima Rungwe umejifunika kuanzia kiunoni. Alikuwa amepiga magoti kando ya Corolla akigonga tairi kwa fundo la kidole.

Karani alimwekea karatasi juu ya boneti. "Saini hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Shamba la mama, babu. Ukatia saini."

"Geuza karatasi."

Upande wa nyuma, kwa mwandiko uleule wa Fundi, palikuwa na mstari mmoja: mshindi ni yule atakayetajwa na karani, na neno lake halitapingwa.

"Nilipofika walikuwa wameshapeana hela," Fundi alisema. "Vijana wana nguvu, mimi nina fimbo tu. Kitu kilichobaki mkononi mwangu ni kuchagua nani atahesabu. Nikamchagua mtu ambaye hata akitaka kudanganya hawezi."

"Na mama anajua?"

"Kaka yako ameapa hajui."

Karani aliikunja karatasi akaitia kifuani. Mama alikuwa ameshasema asubuhi ile kwamba hatakuja: ataenda ibadani, kisha atarudi kumkamua ng'ombe. Kelele za magari haziwezi.

Fundi alirudia tairi zake, na hapa nataka tumsikilize, kwa sababu mbio zile zilianza kuamuliwa hapo, kabla ya injini yoyote kuwashwa. Alikuwa ameifunga Corolla tairi ngumu za Hiace, zile za kubebea mizigo. Kaka alilalamika kwamba hazishiki ardhi, kwamba Subaru imevaa tairi laini za mashindano na itamwacha raundi ya kwanza tu.

"Itakuacha," Fundi alikubali. "Ikuache. Umewahi kumsikia Johnny Mantz?"

Hakuna aliyewahi. Septemba 1950, mbio za kwanza kabisa za Darlington, kilomita 800, yalipangwa magari 75. Mantz alikuwa na Plymouth ndogo, na kwenye majaribio ya mwendo alikuwa miongoni mwa wa polepole kabisa. Wakubwa walimpita kama amesimama. Ila yeye alikuwa amefunga tairi ngumu, na lami mpya ya Darlington, kwenye joto lile, ilizitafuna tairi za wenzake moja baada ya nyingine. Wao wakawa wanaingia kubadilisha, wanatoka, wanaingia tena. Mantz akaendelea kuzunguka kwa mwendo wake. Saa sita na zaidi baadaye alikuwa peke yake mbele.

"Hapa hakuna lami," kaka alisema.

"Hapa kuna mawe ya volkano chini ya udongo. Sasa hivi huyaoni. Subiri wenzako wayafukue."

Ibada ilipokwisha watu walijaa. Kina mama walikuja na sufuria za mbalaga, bodaboda zikapanga mstari hadi barabara kuu ya Uyole na Kasumulu, na mshereheshaji akatundika spika juu ya mparachichi. Magari tisa. Yalizunguka kwa mkono wa kushoto, vile wanavyozunguka wakimbiaji uwanjani, na hilo linamwonea dereva wa kwetu. Mmarekani hukaa kushoto, ndani ya kona. Sisi usukani uko kulia, kwa hiyo uzito wa dereva unaongezeka upande wa nje, upande unaolemewa tayari, na kwenye kona ya bwawa dereva ndiye anayekuwa karibu zaidi na maji.

Karani alikaa kwenye meza kando ya mstari. Mbele yake makopo tisa, kila moja na namba ya gari. Kulia kwake mtoto wa jirani, mwanafunzi wa darasa la sita, na debe la maharage. Gari likipita, Karani anataja namba na kuchora kijiti daftarini. Mtoto anatia harage koponi. Subaru ilikuwa namba 2. Corolla namba 7.

Bendera ikashuka.

Raundi kumi za mwanzo Subaru ilizifanya zake. Ilikuwa inaingia kona pana ikiwa imekaa ubavu, matope yakiruka hadi kwa watazamaji, nao wakipiga vigelegele. Corolla ilikuwa ya tisa. Kufikia raundi ya ishirini udongo wa ndani ulikuwa umelainika ukang'aa, hauna mshiko, na ule uliolegea umetupwa wote upande wa nje. Dereva akitaka mshiko lazima apande nje, na nje, kule magharibi, ndiko kwenye bwawa. Raundi ya thelathini mawe yalianza kuchungulia. Raundi ya thelathini na tatu gari la kwanza likapasua tairi. Raundi ya arobaini, la pili. Hili halikuwa na tairi ya akiba, dereva wake akatoka akakaa juu ya boneti, kofia ngumu mapajani. Muda si mrefu na lile la kwanza likaegeshwa moja kwa moja, rimu imepinda.

Corolla ilikuwa ya tano, kisha ya tatu. Mwendo wake haukuwa umebadilika hata kidogo.

Raundi ya hamsini na moja Subaru iliingia pembeni, tairi ya mbele kulia imebaki nyuzi. Vijana wa Mbeya wakakimbia na jeki. Karani alisimama kuangalia vizuri, maana hapa ndipo hesabu huharibika: gari limesimama, mengine yanapita, je, limezidiwa raundi au bado? Fundi alikuja akasimama nyuma ya meza, ameegemea kwa mkono mmoja katikati ya makopo, akichungulia kazi ya jeki. Corolla ikapita. Ikapita tena. Subaru ikarudi njiani, tope likiruka, ikiwa mita chache tu nyuma ya Corolla.

Mbele ya macho ya watu walikuwa wanafukuzana. Kwenye daftari la Karani, Corolla ilikuwa mbele kwa raundi nzima na kidogo.

Halafu ukungu ukashuka. Anayeijua Rungwe anajua kwamba huwa hauji kwa hodi. Ulitoka mlimani, ukaivuka chai, ukaimeza kona pana, ukaja mpaka mezani. Mshereheshaji alipiga kelele magari yawashe taa. Karani alianza kuyatambua kwa milio: Subaru ina ngurumo yake, Corolla ina mluzi.

"Mwanangu."

Aligeuka. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, khanga mabegani, chupa ya chai mkononi.

"Ulisema huji, mama."

"Baridi imeshuka. Nimewaletea chai." Alimmiminia mtoto kikombe.

Magari saba yalikuwa yamebaki. Karani aliyasikia yote yakiingia kona ya bwawa, moja nyuma ya jingine. Alianza kuyahesabu yanavyotoka. Namba 2. Namba 4. Namba 9. Namba 1. Namba 8. Namba 5.

Akangoja mluzi wa namba 7. Kule magharibi yakasikika maji yakipasuka.

SEHEMU YA TATU

Alikimbia. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya kuhesabu vitu vya watu, Karani aliliacha daftari wazi mezani akakimbia, viatu vikibaki topeni, akilitaja jina la kaka yake ndani ya ukungu.

Bwawani watu walikuwa wameshafika. Gari lilikuwa limezama upande wa kulia, nusu ya paa iko nje, na vijana wawili waliokuwa wameingia majini hadi kifuani walikuwa wanamvuta dereva kwa dirisha la kushoto, kwani mlango wake ulikuwa umekwama kwenye matope. Walipomgeuza, alikuwa kijana wa Kiwira. Gari lake, namba 5.

Ile iliyotoka kwenye kona mwisho, aliyoiita tano, ilikuwa ni saba. Ukungu ulimdanganya sikio. Giaboksi mpya ya kaka ilikuwa imeanza kulalamika na mluzi umebadilika.

Mwenye shamba alikuwa amepiga magoti ukingoni akilia juu ya perege wake. Dereva alikohoa, akakaa, akaomba maji ya kunywa. Karani aligeuka na kurudi mbio.

Hakuna aliyekuwa amesimamisha mashindano. Mshika bendera hakuona kitu. Mezani mtoto alikuwa bado anatia maharage kwa mikono inayotetemeka, akitaja namba kwa sauti, na mama amesimama kando yake ameshika kikombe. Daftari lilikuwa wazi palepale alipoliacha. Pengo. Raundi ngapi? Mbili? Tatu? Sasa vijiti vya daftari havikuwa na maana tena. Kilichobaki ni makopo.

Raundi ya tisini ukungu ulianza kupanda. Yalikuwa yamebaki magari manne, na mawili tu ndiyo yaliyokuwa yakishindana. Corolla ilikuwa inakohoa. Tangi lilikuwa linakaribia kwisha, na kwenye kona ya kushoto isiyokoma mafuta machache yaliyobaki husukumwa upande wa kulia wa tangi, pampu ikavuta hewa. Kila ilipoingia kona ya bwawa injini ilikuwa inakata, kila ilipotoka inashika tena. Subaru ikaisogelea. Raundi ya mwisho, mbele ya mparachichi, mita thelathini kabla ya mstari, Subaru ikaipita Corolla, na magari yote mawili yakavuka.

Mshika bendera alikuwa amemtazama Karani. Karani alikuwa amehesabu makopo kwa macho na vidole, akainua mkono: namba 7 imetimiza mia. Bendera ikashuka.

Watu wa Mbeya walirukia Subaru. Watu wa Tukuyu walimtoa kaka kwa dirisha wakampandisha mabegani. Pande zote mbili ziliimba ushindi, na zote mbili zilikuwa na haki ya kuamini macho yao.

Nasema hivi kwa sababu haya yameshatokea kwa wakubwa. Tarehe 1 Desemba 1963, Jacksonville, Florida, kwenye uwanja wa udongo wa mbio hizihizi za magari ya kawaida, Wendell Scott, fundi na dereva mweusi kutoka Danville, Virginia, alimpita Richard Petty zikiwa zimebaki raundi 25, akaendelea mpaka akamaliza. Bendera haikushuka. Akazunguka tena. Bendera ikamshukia Buck Baker, na Baker ndiye aliyepewa kombe mbele ya watu. Scott alidai hesabu irudiwe. Watazamaji walipokwisha kuondoka ndipo wakubwa wakakiri kwamba alikuwa amezunguka raundi 202 za mbio za raundi 200. Mshindi akawa ndiye yeye, Mmarekani mweusi wa kwanza kushinda katika ngazi ile ya juu. Kombe lenyewe, la wenye mashindano, familia yake ilikabidhiwa mwaka 2021. Scott alikuwa amefariki mwaka 1990.

Kwa hiyo msinieleze kwamba kuhesabu ni kazi ndogo. Safari ya mwaka 1973, Shekhar Mehta na Harry Källström walimaliza wakiwa na alama sawa kabisa; ikaangaliwa kanuni, ikaonekana Mehta ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza alama, akapewa ushindi. Hakuna aliyeaibika, maana karatasi zilikuwa wazi na kila mtu aliziamini. Jacksonville kilichokosekana ni mtu mmoja mezani, mwenye ujasiri wa kusema kweli wakati watu bado wapo.

"Karani!" Mshereheshaji alimpelekea kipaza sauti. "Tuambie!"

Uwanja ukanyamaza kwa mafungu, wa karibu kwanza, kisha wa kilimani.

Karani aliyamimina makopo mezani, mbele ya mashahidi wawili wa kila upande. Namba 7: maharage mia moja. Namba 2: tisini na tisa. Wakahesabu tena wale wa Mbeya wenyewe. Tisini na tisa. Subaru ilikuwa imevuka mbele, lakini nyuma kwa raundi moja. Corolla imeshinda. Deni limekwisha, shamba limepona.

Alikipokea kipaza sauti, akavuta pumzi, akasogeza mguu wake mtupu kidogo ili asimame vizuri.

Chini ya kisigino alihisi kitu kigumu, kidogo, laini.

Hakuhitaji kuangalia. Alikuwa amevishika vitu vile tangu asubuhi. Harage moja, kwenye nyasi, chini ya meza. Likiwa limetoka kopo la gari lililoacha mbio, si kitu. Likiwa limetoka kopo la namba 2, Subaru ina mia, na Subaru ndiyo iliyovuka mstari kwanza.

Hakuna aliyeliona. Mguu wake umelifunika.

Kaka alikuwa mabegani mwa watu, anamtazama. Mwenye Subaru alikuwa ameegemea gari lake, mikono kifuani, karatasi yake ya mkataba imeshikwa kwa vidole viwili. Karani alifungua mdomo. Sauti haikutoka.

"Karani," Fundi alisema taratibu. "Inua mguu wako."

Akauinua.

Kelele za watu wa Mbeya zilifika kilimani na kurudi. Mtu alimkamata mtoto wa jirani kwa ukosi wa shati. "Umelidondosha wewe! Sema, kopo gani?"

"Sikulidondosha!" Mtoto alikuwa analia. "Mimi nilikuwa natia tu! Nilikuwa natia kila gari likipita, wallahi. Lilitolewa."

"Na nani?"

Mtoto aliinua kidole. Kikapita makopo, kikapita Subaru, kikamwacha kaka juu ya mabega ya watu, kikasimama kwa mwanamke mwenye khanga na chupa ya chai.

Karani alilikumbuka koti lililolowa kambani, na karatasi iliyokuwa kavu.

"Mama?"

Mama aliiweka chupa mezani, akaifunga vizuri kifuniko chake. Hakutetemeka.

"Nimelitoa mimi," alisema, naye alisema kwa sauti ya kusikiwa na uwanja mzima. "Kopo la namba mbili. Nimelitoa kwa mkono wangu, na nimelitupa chini kwa makusudi, lionekane. Lakini kabla hamjaniita mwizi mbele ya wanangu, mwulizeni kwanza huyu mzee" — akamgeukia Fundi, ambaye fimbo ilikuwa imeanza kumcheza mkononi — "gari lilipokuwa juu ya jeki, yeye alikuwa anatia nini kwenye kopo lile."

Itaendelea Jumamosi ijayo.